Lauwo wa Marangu na Daftari la Barafu

Usiku wa tarehe 18 Januari 1958, katika ukumbi wa Forum mjini Montreal, kijana wa miaka 22 kutoka Fredericton aliingia barafuni akiwa amevaa jezi ya Boston Bruins. Aliitwa Willie O'Ree, na usiku ule akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni huko Kanada na Marekani. Bruins walishinda 3-0. Hakuna anayebishana kuhusu tarehe hiyo, kwa sababu mchezo wa kulipwa una daftari: karatasi ya mechi ina majina ya wachezaji, saa ya kila bao na sahihi ya mwamuzi. Dunia nzima imelikubali daftari hilo, na ndiyo maana O'Ree anatajwa kila mahali kama mtu mweusi aliyetangulia barafuni. Wasomaji wa Moshi wana haki ya kuuliza swali moja dogo: barafu ipi? Juu ya mashamba ya migomba ya Marangu, Machame na Old Moshi kuna barafu ambayo watu weusi waliifikia zaidi ya karne moja kabla ya mechi ile, wakaifanyia kazi, wakalipwa kwa kazi hiyo, na baadhi yao wakaacha vidole vyao huko. Wenzetu walikuwapo, tena wengi. Kilichokosekana ni daftari. Hoja yangu ni kwamba cheo cha "wa kwanza" hutolewa na mwenye daftari, na kwa hiyo tukitaka kuwapa heshima yao watangulizi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, tusigombee tarehe moja tusiyoweza kuithibitisha, bali tushike kile kinachothibitika, yaani kazi.

Hata huko Kanada daftari lilikuwa na upofu wake. Huko Halifax, katika jimbo la Nova Scotia, Waafrika wa Kanada waliunda ligi yao ya magongo ya barafuni mwaka 1895, zaidi ya miaka 20 kabla NHL yenyewe haijaanzishwa. Katika miaka ya 1940 Herb Carnegie, ndugu yake Ossie na mwenzao Manny McIntyre walicheza pamoja katika safu moja ya ushambuliaji kwenye ligi za Quebec, na wengi waliowaona walisema Herb alistahili kabisa kucheza ligi kuu. Hakuicheza. O'Ree mwenyewe aliingia akiwa na siri: kisahani cha mpira kilikuwa kimempiga jicho la kulia wakati angali kwenye ligi ya vijana, na jicho hilo lilikuwa limepoteza karibu uwezo wote wa kuona. Angesema, asingesajiliwa. Alicheza mechi 45 tu za NHL, akafunga mabao 4, na baada ya msimu wa 1961 ilipita miaka 13 kabla mtu mweusi wa pili, Mike Marson, hajaingia ligi hiyo mwaka 1974. Kwa hiyo ukilisoma daftari la NHL peke yake, utadhani mtu mweusi aliijua barafu mwaka 1958, akaisahau, kisha akaikumbuka tena baadaye. Ligi ndiyo iliyokuwa na mlango mwembamba. Wachezaji walikuwapo wakati wote.

Sasa turudi mlimani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kibo na kuelewa kwamba ni theluji. Taarifa yake ilipochapishwa Ulaya mwaka uliofuata, alidhihakiwa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alitoa hoja ndefu kuthibitisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo ulidumu mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu tu, mwaka 1861 na tena 1862, akarudi na vipimo. Wakati mabwana hao wakibishana kama barafu ipo au haipo, Machame walikuwa na historia yao ya kuipanda. Rebmann mwenyewe aliandika alivyosimuliwa: kwamba Mangi (yaani mtawala) Rengua wa Machame aliwahi kutuma kikosi cha watu kwenda kuchunguza kitu kile cheupe, na kwamba katika kikosi kizima alirudi mtu mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Hiyo ni safari ya utafiti kwa maana yoyote utakayolipa neno hilo. Ilikuwa na aliyeituma, swali lililotakiwa kujibiwa, msafara, na shahidi aliyerudi na jibu mwilini mwake. Iliingia kwenye maandishi kwa bahati tu, kwa kuwa mgeni mwenye kalamu alipita na kuuliza. Safari ngapi nyingine hazikupata mgeni wa kuuliza?

Mwaka 1871 mmisionari Mwingereza Charles New alipanda akitokea Moshi, kwa ruhusa ya Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Viongozi wa njia waliishia njiani, na aliyebaki naye hadi karibu na theluji alikuwa mtumishi wake kutoka pwani, Tofiki, mpaka naye akaishiwa nguvu. Daftari linampa New heshima ya Mzungu wa kwanza kuigusa theluji ya Kilimanjaro. Tofiki anatajwa kama mtu aliyeshindwa hatua chache kabla ya mwisho. Lakini ni nani aliyekuwa na viatu, na ni nani aliyekuwa na sababu yake mwenyewe ya kwenda? Mtu aliyefika pale bila ndoto yoyote ya kuandika kitabu, kwa ujira na kwa uaminifu, ana nafasi yake katika historia hii, hata kama hakuigusa theluji.

Tukio kubwa ni la mwaka 1889. Hans Meyer, mtoto wa familia ya wachapishaji wa Leipzig, alikuwa amejaribu mwaka 1887 akazuiwa na ukuta wa barafu, na safari yake ya 1888 ilivunjwa na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani, alikotekwa na kukombolewa kwa fedha. Mara ya tatu alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Kilichobadilisha mambo safari hiyo, pamoja na ufundi wa Purtscheller, ni mpangilio wa chakula. Kituo kikuu kilikuwa Marangu kwa Mangi Marealle, kambi ya pili msituni, na kambi ya juu kwenye tandiko kati ya Kibo na kilele cha Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda kutoka Marangu na mizigo ya chakula, wakashuka, wakapanda tena. Wale Wazungu wawili hawakulazimika kushuka njaa ilipowabana, kama ilivyowapata waliowatangulia. Kambini juu aliishi nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, aliyekaa katika baridi ile kwa zaidi ya wiki mbili akipika, akitunza moto na kungoja. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walikata ngazi katika barafuto (mto wa barafu) ambayo Meyer aliiita Ratzel. Barafu ilikuwa ngumu kama kioo, kila ngazi ilihitaji mapigo kama 20 ya shoka, na Purtscheller peke yake ndiye aliyekuwa na vyuma vya kubana barafu viatuni. Walifika ukingoni mwa kreta mchana, wakaona kilele chenyewe kiko mbele zaidi, wakarudi chini. Tarehe 6 Oktoba walipita tena kwenye ngazi zile zile na kufika juu. Meyer alikiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm, akaokota jiwe, na nusu ya jiwe hilo ikaenda kupambwa kwenye ukuta wa kasri la Kaisari huko Potsdam.

Hapa ndipo anapoingia Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, mlima ulipoadhimisha miaka 100 tangu Meyer afike kileleni, ilitangazwa kwamba kijijini kwake Marangu bado yuko hai mzee aliyekuwa kiongozi wa njia wa safari ile. Ilisemwa amezaliwa 1871. Alifariki tarehe 10 Mei 1996, na kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka karibu 125. Hadithi iliyosimuliwa kumhusu inasema alikuwa kijana mrefu aliyeijua misitu kwa uwindaji na kurina asali, kwamba alikwepa kazi ya barabara ya Wajerumani, akaitwa barazani kwa Mangi Marealle kujibu mashtaka, na siku hiyo hiyo Meyer akafika kuomba ruhusa na kiongozi wa njia, ndipo wazee wakamchagua yeye. Jina lake limewekwa kwenye kibao cha kumbukumbu katika lango la Marangu, na wapandaji wengi huonyeshwa kabla ya kuanza safari. Kwa watu wa Marangu ni fahari halali. Kwa vyombo vingi vya habari ni habari tamu isiyohitaji kuhojiwa.

Ihojiwe, hata hivyo, maana heshima isiyohojiwa huanguka siku ya kwanza inapokutana na mtu mwenye nyaraka. Kwanza, Meyer aliandika kitabu kinene kuhusu safari ile na Lauwo hamo. Pili, umri. Mtu aliyezaliwa 1871 akafa 1996 angekuwa amempita Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122 na ambaye umri wake umechunguzwa kwa nyaraka kuliko wa binadamu mwingine yeyote. Inawezekana, lakini si jambo la kukubaliwa kwa neno la mdomo. Tatu, na hili halisemwi sana, ile kazi ya barabara. Mwaka 1889 Wajerumani walikuwa bado wanapigana na Abushiri pwani; utawala wao wenye boma, askari na kazi za lazima ulisimama mlimani miaka ya 1890, baada ya Mjerumani Carl Peters kufika Marangu mwaka 1891. Kama hadithi ya barabara ni ya kweli, basi inaelekea ni hadithi ya safari ya baadaye, na Mzungu aliyefika barazani siku ile huenda hakuwa Meyer wa 1889. Meyer mwenyewe alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, na wengine wengi walifuata. Mzee wa miaka mingi akichanganya msafara mmoja na mwingine, au waandishi wakimchanganyia, hakuna ajabu. Uamuzi wangu ni kwamba dai la 1889 halijathibitika, na yaelekea si sahihi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kukosekana kwa jina katika kitabu cha Mzungu si ushahidi wa kukosekana kwa mtu mlimani, na kwamba kumhoji Lauwo kwa kutumia kurasa za Meyer ni kumpa mkoloni kalamu mara ya pili. Pingamizi hili lina uzito. Tumeona hapo juu jinsi daftari la NHL lilivyowameza akina Carnegie. Lakini kimya cha mwandishi asiyetaja mtu yeyote ni tofauti na kimya cha mwandishi anayetaja watu. Meyer, pamoja na dharau zote za enzi yake, alimtaja Mwini Amani kwa jina, akasema alitoka wapi na alikaa siku ngapi juu. Aliyepata nafasi ya kumsifu mpishi kutoka Pangani hakuwa na sababu kubwa ya kumficha kijana wa Marangu aliyemwongoza hadi barafuni. Tena tunapoishikilia hadithi isiyothibitika, tunamfukia mwingine aliyethibitika. Waulize wapandaji wanaopita lango la Marangu Mwini Amani ni nani. Huyu ndiye mtu mweusi ambaye kitabu cha mshindi mwenyewe kinakiri aliishi kwenye ukingo wa barafu ya Kibo ili kilele kifikiwe, na sisi wenyewe tumemsahau, pengine kwa kuwa alikuwa Mswahili wa pwani na si mwenyeji wa mlima.

Tukishaiweka kando tarehe ya 1889, je, Lauwo anabaki na nini? Anabaki na kitu kikubwa kuliko siku moja. Aliongoza watu Kibo kwa karibu miaka 70, kwa jinsi inavyosimuliwa, na hata ukipunguza miaka hiyo kwa robo kwa ajili ya tahadhari bado unabaki na maisha ya kazi ambayo hakuna mchezaji wa NHL aliyeyakaribia. Katika muda huo mlima ulibadilika kutoka pori la watafiti na kuwa uwanja wa kazi yenye utaratibu. Mwaka 1909 Wajerumani wawili, Lange na Weigele, walifika tena kileleni, miaka 20 baada ya Meyer. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walifika juu na kuteremka kwa skii. Baada ya Vita vya Kwanza mchungaji wa Kilutheri wa Marangu, Richard Reusch, alipanda mara nyingi mno hata kreta ya ndani ya Kibo ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1929 kikaundwa chama cha wapanda milima, mwaka 1932 kikajengwa kibanda cha Kibo, mita 4,720 juu ya bahari. Katika kila safari ya aina hiyo kulikuwa na Wachagga waliotangulia mbele, waliojua pepo za saa kumi alfajiri, waliomsoma mgeni usoni na kujua kama atafika au atashushwa. Orodha yao ni ndefu, na Lauwo ni jina lililobahatika kubaki. Waliochorwa kwenye ramani ni wageni. Zitazame barafuto za Kibo: Rebmann, Decken, Kersten, Heim, Credner, Furtwängler. Mtu aliyeteleza na skii mara moja ana barafuto. Waliowapeleka watu barafuni maisha yao yote hawana hata kijito.

Pingamizi jingine ni la wapenda michezo: kiongozi wa njia si mwanariadha, na kumweka Lauwo kando ya O'Ree ni kuchanganya ajira na michezo. Ningelikubali kama historia ya milima isingelikataa yenyewe. Jacques Balmat, aliyefika kilele cha Mont Blanc mwaka 1786 pamoja na daktari Paccard, alikuwa mwindaji na mtafuta madini wa kijijini. Leo ana sanamu Chamonix na anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa mchezo wa kupanda milima. Mwaka 1821 Chamonix iliunda chama cha waongoza wapandaji, na walipofika kilele cha Matterhorn mwaka 1865 majina ya Michel Croz na ya kina Taugwalder yaliandikwa sambamba na ya matajiri waliowaajiri. Ulaya haikuona tabu kumwita mtu wa ujira mwanamichezo, ilimradi awe wa Ulaya. Na mchezo wa kulipwa ni nini hasa, kama si mwili uliofunzwa kufanya jambo gumu, na mtu mwingine analipa ili lifanyike vizuri? O'Ree alilipwa kwa dakika zake barafuni. Vivyo hivyo Lauwo. Atakayetaka ushahidi wa saa mkononi amtazame Simon Mtuy wa Mbahe, Marangu, ambaye mwaka 2006 alipanda hadi kilele cha Uhuru na kushuka akibeba mahitaji yake mwenyewe kwa muda uliozidi kidogo tu saa 9, safari ambayo mgeni huipangia siku 5 hadi 8. Mtuy hakuokotwa hewani. Ametoka katika kijiji na kazi vilivyojengwa na kizazi cha Lauwo.

Kuna anayeweza kusema kwamba mtangulizi wa kweli ni yule anayewafungulia wengine mlango, na kwamba O'Ree ndivyo alivyofanya. Kwa kipimo hicho Marangu inashinda mapema. Mlango wa NHL ulifunguka 1958, ukafungwa 1961, ukafunguka tena 1974, na ilimpasa O'Ree angoje hadi 2018 ndipo aingizwe kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo wake. Jezi yake namba 22 ilitundikwa na Bruins Januari 2022. Mlango wa Kibo, tangu ulipofunguliwa, haukufungwa tena. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika huru na kuwasha mwenge pale juu, na kilele cha Kaisari kikawa Uhuru. Hifadhi ya Taifa ikaundwa 1973, na leo maelfu ya waongoza watalii, wapishi na wapagazi wa Moshi, wenyewe hujiita wagumu, hula kwa mlima ule. Kaskazini ya hapa, vijana wa Nairobi waliojifunza magongo kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari wakaunda timu ya Ice Lions, wakacheza Kanada mwaka 2018 na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wakaitwa maajabu, kana kwamba Mwafrika wa Mashariki na barafu walikuwa wameonana juzi.

Jambo la mwisho ni la haraka kwa sababu halisubiri. Barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2011 zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa imekwisha, na barafuto ya Furtwängler inaendelea kukatika vipande. Hakuna maana tena ya kudai barafuto iitwe kwa jina la Lauwo, ingawa ingekuwa haki. Vibanda tayari vimewahi kubadilishwa majina: kile cha Bismarck ni Mandara, kile cha Peters ni Horombo, na mlima haukulalamika. Hifadhi ya Kilimanjaro ikipe kibanda kimoja jina la Lauwo, ikirekebishe kibao cha Marangu kiseme kwamba aliwaongoza watu kwenye barafu ya Kibo kwa miaka mingi, bila kumng'ang'aniza kwenye Oktoba 1889, na iongeze mstari mmoja kwa ajili ya Mwini Amani wa Pangani na mwingine kwa ajili ya Sabaya wa Machame. Na familia za Marangu, Mamba, Machame na Old Moshi zenye wazee walioongoza njia kabla ya 1973 ziwaketishe mwaka huu, ziandike majina, miaka, na nani alipanda na nani.